Joto lisilo sawa ndani ya turbini: kwa nini mtambo wa gesi husimamishwa kabla haujaharibika

Na Mwandishi Wetu

Kila mara Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) linapotangaza kwamba mtambo mmoja wa kufua umeme kwa gesi asilia utatolewa kwenye Gridi ya Taifa kwa ajili ya matengenezo, swali hujirudia miongoni mwa wananchi: mtambo uliokuwa ukifanya kazi jana, tena bila moshi wala kishindo, umepatwa na nini leo? Gesi ipo, bomba lipo, mafundi wapo. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mitambo hiyo ni mali ya umma na kusimama kwake kuna gharama. Jibu, kwa sehemu kubwa, limo katika vipande vya metali ambavyo katika mitambo mingi havizidi sana ukubwa wa kiganja, na katika tofauti za joto ambazo hakuna awezaye kuziona kwa macho.

Si kila kituo cha gesi nchini kina turbini. Ubungo I na Tegeta vinatumia injini za pistoni, ndugu wa mbali wa injini ya lori, na mazungumzo yake ni mengine. Turbini za gesi ndizo zilizopo Kinyerezi I, chenye megawati 150 zilizofungwa awali; Kinyerezi II, chenye megawati 240, kilichozinduliwa Aprili 2018; na Ubungo II. Kinyerezi II kina turbini sita za gesi, na joto linalobaki katika moshi wake huchemsha maji na kuendesha turbini mbili za mvuke. Kwa miaka mingi kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kazi, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitoka kwenye gesi. Hivyo afya ya turbini hizi ilikuwa, na bado ni, suala la taa kuwaka au kuzimika katika nyumba za watu.

Kanuni ya turbini ni nyepesi kuieleza. Hewa huvutwa kutoka nje, hushindiliwa na kompresa hadi mgandamizo wake uzidi wa nje mara kumi na tano, ishirini au zaidi, kisha huingizwa katika chumba cha mwako, ambako gesi huwashwa. Hewa hiyo ya moto hutoka kwa nguvu na kupita katikati ya safu za mapanga. Safu ya kwanza haizunguki. Kazi yake ni kuuelekeza mkondo. Safu inayofuata imefungwa kwenye mhimili, nayo husukumwa na mkondo huo na kuuzungusha mhimili pamoja na jenereta. Kadiri hewa inavyoingia kwenye mapanga ikiwa na joto zaidi, ndivyo kila futi ya ujazo ya gesi iliyonunuliwa inavyotoa umeme mwingi zaidi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wamekuwa wakipandisha joto hilo kwa zaidi ya nusu karne. Katika turbini kubwa za kisasa na katika injini za ndege sasa linavuka nyuzijoto 1,500 za sentigredi.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Mapanga hutengenezwa kwa aloi za nikeli zinazostahimili joto kuliko karibu metali yoyote inayoweza kufinyangwa kwa gharama ya kubebeka, lakini hata aloi hizo huanza kuyeyuka karibu na nyuzijoto 1,300, na hupoteza nguvu mapema zaidi ya hapo. Kwa lugha nyingine, panga la turbini ya kisasa hufanya kazi ndani ya hewa yenye uwezo wa kuliyeyusha. Linabaki zima kwa sababu mbili: limevikwa utando mwembamba wa kauri unaopunguza joto linalopenya, na ndani yake kumechongwa vijia vinavyopitisha hewa ya kulipoza. Hewa hiyo haitoki kwenye kiyoyozi. Ni ileile iliyoshindiliwa na kompresa, iliyochepushwa kabla ya kufika kwenye moto, nayo kwa kule kushindiliwa tu huwa na nyuzijoto 400, na katika injini za ndege hufikia 600 au zaidi. Kwa mwanadamu huo ni moto wa kuunguza. Kwa panga lililozungukwa na nyuzijoto 1,300 ni ubaridi wa kuokoa maisha.

Kama hewa ya moto ingefika kwenye mapanga ikiwa na joto lilelile kila mahali, kazi ya mhandisi ingekuwa nusu ya ilivyo. Haifiki hivyo. Anayepika wali kwa mkaa analijua jambo hili bila kufundishwa: jiko ni moja, sufuria ni moja, lakini upande mmoja wali umeiva na upande mwingine umekwisha kuungua. Ndani ya chumba cha mwako, mafuta au gesi huingizwa kupitia nozeli kadhaa zilizopangwa duara. Mbele ya kila nozeli kuna ulimi wa moto, na kati ya nozeli na nozeli kuna sehemu yenye hewa iliyo baridi kidogo. Kuta za chumba nazo hupozwa kwa hewa inayotambaa kandokando, kwa hiyo kingo za mkondo huwa baridi kuliko katikati. Mkondo unaotoka hapo una mabaka ya moto na mabaka yenye nafuu, na hauna nafasi ya kutosha ya kuchanganyika kabla ya kukutana na mapanga.

Wahandisi wana kipimo cha hali hii. Huchukua joto la juu kabisa katika mkondo, hutoa joto la wastani, kisha hugawanya kwa ongezeko la joto lililotokea ndani ya chumba cha mwako. Tuchukue mfano wa kimahesabu, usiohusu mtambo wowote mahususi: hewa inaingia kwenye chumba cha mwako ikiwa na nyuzijoto 400 na kutoka ikiwa na wastani wa 1,300. Ongezeko ni 900. Ikiwa kipimo ni 0.25, baka la moto zaidi litakuwa na nyuzijoto 225 juu ya wastani, yaani 1,525. Chumba cha kudhibiti kitaripoti 1,300, na kitakuwa kinasema kweli. Lakini kuna panga mahali fulani linalokaa ndani ya 1,525 mchana na usiku.

Panga hilo ni lile lisilozunguka. Limesimama mahali pake, na kama liko mbele ya baka la moto, litabaki hapo hadi mtambo uzimwe. Hakuna wastani unaoliokoa. Ndiyo maana safu ya kwanza isiyozunguka husanifiwa kwa kufuata joto la juu kabisa, hupewa sehemu kubwa ya hewa ya kupoza, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuonyesha nyufa na kuungua pembeni.

Kwa panga linalozunguka hali ni tofauti. Jenereta ya gridi yenye mizunguko 50 kwa sekunde hugeuka mara 3,000 kwa dakika, na turbini ndogo hugeuka kwa kasi zaidi ya hapo kupitia giaboksi. Panga hupita katika mabaka yote, ya moto na ya nafuu, mamia ya mara kwa sekunde. Metali haiwezi kupanda na kushuka joto kwa kasi hiyo, hivyo huishi kana kwamba imo katika joto la wastani wa mzunguko mzima. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hapo hadithi imekwisha.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1970 watafiti wawili wa Marekani, Kerrebrock na Mikolajczak, walionyesha kwamba mkondo wa moto na mkondo wa nafuu haviligusi panga linalozunguka kwa namna moja. Walikuwa wakichunguza kompresa, lakini hoja yao inahusu turbini vilevile. Hewa ya moto zaidi hutoka kwenye safu isiyozunguka kwa kasi kubwa kuliko jirani yake, ingawa mwelekeo ni mmoja. Panga linapokimbia mbele yake, hewa hiyo yenye kasi hulipiga na kurundikana upande wake wa ndani, ule uliobonyea, unaosukumwa. Hewa yenye nafuu, kwa kuwa ni ya polepole, huachwa ielekee mgongoni. Matokeo yake ni kwamba panga lilelile, katika urefu uleule, linaweza kuwa na upande mmoja ulio moto kuliko hesabu ya wastani inavyoahidi, na upande wa pili ulio baridi kuliko inavyohitajika. Hewa ya kupoza ikigawiwa sawa kwa pande zote mbili, upande mmoja utapewa isiyotosha na mwingine utapewa ya ziada isiyo na kazi.

Lipo pia suala la urefu. Shina la panga, pale linapoungana na gurudumu, hubeba uzito wa panga zima linalovutwa nje na mzunguko. Huvutwa kama jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuzungushwa. Sehemu inayobeba mzigo mkubwa ndiyo isiyostahili kupewa joto kubwa. Kwa hiyo chumba cha mwako husanifiwa ili joto la juu lipite zaidi ya nusu ya urefu wa panga kuelekea nje, huku shina na ncha vikiachiwa hewa yenye nafuu. Mpangilio huu unategemea matundu ya chumba cha mwako yabaki na ukubwa uleule yaliotoka nao kiwandani, na mihuri kati ya sehemu na sehemu isivuje. Tundu likipanuka kwa kuungua, au muhuri ukilegea, joto linaweza kuhama kuelekea shinani bila wastani kubadilika hata kwa nyuzijoto moja. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo la kuogofya kuliko yote yaliyotajwa hapa, kwa kuwa halitoi dalili mapema.

Sasa tuingize hewa ya kupoza katika hesabu. Ubora wa upozaji hupimwa kwa sehemu ya tofauti kati ya joto la mkondo na joto la hewa ya kupoza ambayo panga limefanikiwa kuiepuka. Tukirudi kwenye mfano wetu: mkondo una 1,300, hewa ya kupoza ina 400, tofauti ni 900. Upozaji wenye ubora wa 0.5 huliacha panga likiwa na nyuzijoto 850, na hapo aloi inafanya kazi vizuri. Mkondo ukipanda kwa nyuzijoto 50, panga hupanda kwa 25. Hewa ya kupoza ikipanda kwa 50, panga hupanda kwa 25 vilevile. Lakini vijia vikianza kuziba na ubora ukashuka kutoka 0.5 hadi 0.45 tu, panga hufika 895. Limepanda kwa 45. Kuziba kidogo ndani ya panga kumedhuru kuliko moto kuongezeka nje yake.

Nyuzijoto 45 zinaweza kuonekana ndogo mbele ya 1,300. Vitabu vya uhandisi wa upozaji wa turbini hufundisha kwamba kosa la takriban nyuzijoto 30 katika joto la metali linaweza kupunguza maisha ya panga kwa nusu. Panga lililokusudiwa kudumu saa 24,000 lingebaki na saa 12,000. Kwa nyuzijoto 45, lingebaki na kama theluthi moja. Metali iliyo kwenye joto kali na mvuto wa kudumu haikatiki ghafla. Hunyooka polepole sana, hujenga vitundu vidogo ndani yake, kisha siku moja huachia. Na panga moja likiachia ndani ya turbini inayozunguka, halianguki peke yake. Hupita katika safu zote zilizo nyuma yake.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi isiongezwe hewa ya kupoza? Kuna sababu mbili, na ya pili huwashangaza hata baadhi ya mafundi. Ya kwanza ni ya uchumi. Hewa hiyo imeshindiliwa kwa nguvu iliyotokana na gesi iliyochomwa, kisha inaukwepa moto. Katika injini za kisasa za ndege karibu asilimia 20 ya hewa ya kompresa hutumika hivyo, na kila asilimia inayoongezwa hupunguza kazi inayopatikana kutoka kwenye mafuta yaleyale. Sababu ya pili ni ya mkondo wenyewe. Hewa ya kupoza hutoka kupitia vitundu vyembamba, vingi vikiwa na upana wa karibu nusu milimita, ili itambae juu ya uso wa panga kama shuka. Ikitoka kwa nguvu iliyozidi, haitambai. Huruka juu kama maji ya bomba lililofunguliwa kupita kiasi, huchanganyika na mkondo wa moto, na kuuacha uso wa panga wazi nyuma ya kitundu. Hewa zaidi, ulinzi pungufu. Tena hewa hiyo iliyokwisha kutoka huwa baka jipya la nafuu ndani ya mkondo, na kuipelekea safu inayofuata joto lisilo sawa kwa namna nyingine.

Tatizo la kulifuatilia jambo hili mtamboni ni kwamba hakuna kihisi joto cha kawaida kinachoweza kuachwa mbele ya mapanga ya kwanza kwa maelfu ya saa. Vihisi huwekwa nyuma ya turbini, vimepangwa duara katika njia ya moshi, ambako joto limekwisha kushuka. Wasimamizi husoma mambo mawili: wastani wa vihisi vyote, na tofauti kati ya kilicho juu kabisa na kilicho chini kabisa. Wastani huwaambia mtambo unafanya kazi kiasi gani. Tofauti ndiyo inayowaambia kama kuna nozeli iliyoziba, iliyochakaa au iliyopasuka. Nayo haisomeki moja kwa moja, kwa sababu mkondo huzunguka unapopita katika safu za mapanga. Baridi inayoonekana kwenye kihisi kilicho upande wa saa tatu inaweza kuwa imetoka kwenye nozeli ya upande wa saa moja, na pembe hiyo hubadilika mzigo unapobadilika. Kila mtengenezaji huweka mipaka ya tofauti inayovumilika, na ikivukwa mtambo hutoa tahadhari au hujizima wenyewe.

Kwa hiyo tangazo linaposema kwamba turbini imesimamishwa ikiwa bado inazalisha, mara nyingi maana yake ni kwamba wataalamu wamesoma tofauti hiyo, au wamefikia saa zilizowekwa za kufungua na kuchungulia. Hupitisha kamera nyembamba kupitia matundu maalumu na kutazama panga baada ya panga: utando wa kauri umebanduka wapi, kitundu gani kimeziba, ukingo gani umeanza kuungua. Kazi ya siku chache ikifanyika kwa wakati huzuia kazi ya miezi.

Mazingira yetu yana mchango wake, mzuri na mbaya. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani kwa sehemu kubwa sana, huwaka kwa usafi, na haiachi masizi yanayoziba nozeli kama yafanyavyo mafuta mazito. Hiyo ni neema. Kwa upande mwingine, Kinyerezi na Ubungo viko karibu na bahari. Upepo wa pwani hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na salfa katika joto kali hula utando wa panga na hatimaye aloi yenyewe. Vichujio vya hewa na kuosha kompresa kwa ratiba ni kinga ya kwanza ya mapanga, ingawa viko mbali na moto. Aidha, joto la Dar es Salaam la Januari na Februari huifanya hewa kuwa nyepesi. Turbini huvuta hewa pungufu kwa uzito na kutoa megawati pungufu, wakati uleule ambapo viyoyozi na majokofu yanadai zaidi.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, limetoka Rufiji. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235, uliingia kwenye gridi Februari 2024, baada ya miezi ya mgawo wa umeme. Mwezi Machi mwaka huohuo baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa muda kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Sasa mitambo yote tisa imekamilika na jumla ni megawati 2,115. Wengi wamehitimisha kwamba turbini za gesi zimepumzishwa na kwamba zitadumu zaidi. Hitimisho hilo linahitaji kuchunguzwa.

Turbini inayofanya kazi mfululizo kwa mzigo uleule huchakaa kwa saa. Turbini inayowashwa jioni na kuzimwa usiku wa manane huchakaa kwa idadi ya kuwashwa. Inapowashwa, ngozi ya panga hupata joto ndani ya dakika chache wakati kiini chake, kilichopozwa kwa ndani, bado ni baridi. Inapozimwa, ngozi hupoa kwanza. Kila mara metali hutanuka na kubanwa, na nyufa huanzia pembezoni mwa vitundu vya hewa. Ndiyo maana watengenezaji wengi hulihesabu tukio moja la kuwasha kuwa sawa na saa kadhaa za kazi, na kuzima kwa dharura kukiwa na mzigo kamili huhesabiwa kuwa saa nyingi zaidi. Vilevile, turbini iliyoachwa ikifanya kazi kwa mzigo mdogo ili iwe tayari huwa na mgawanyo wa moto uliobadilika, kwa kuwa baadhi ya nozeli hufungwa au hupewa gesi kidogo. Mtambo unaweza kuwa umezalisha megawati chache kwa mwaka mzima na bado ukadai mapanga mapya.

Kwa hali hiyo, kulinganisha gharama za matengenezo na umeme uliozalishwa pekee hakutoi picha ya kweli. Turbini za Kinyerezi zimekuwa bima ya mwaka wa ukame, na bima hulipiwa hata mwaka wa mvua. Jambo la kujadiliwa kwa haki ni ipi iwashwe na kuzimwa mara kwa mara, na ipi iachwe ikizunguka kwa utulivu. Kituo chenye turbini za mvuke nyuma yake, kama Kinyerezi II, hupoteza zaidi kikiwashwa na kuzimwa, kwa kuwa mabomba mazito ya mvuke nayo hayapendi kupashwa na kupozwa kila siku. Turbini nyepesi zilizotokana na injini za ndege, kama zile za awali za Kinyerezi I, huvumilia zaidi.

Kutajwa kwa injini za ndege kunaleta upande wa pili wa suala hili, ambao wananchi waliusikia kwa mshtuko. Mwishoni mwa 2022 Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) ilieleza kwamba baadhi ya ndege zake za Airbus A220 zimesimama kwa sababu ya changamoto za injini za PW1524G. Ratiba zikavurugika, na maneno mengi yakasemwa kuhusu ununuzi wa ndege hizo. Haikuwa kasoro ya Tanzania peke yake; mashirika mengine yanayotumia injini za aina hiyo, likiwamo airBaltic la Latvia, nayo yaliegesha ndege, kwa kuwa injini zilihitaji kushushwa mapema kuliko ilivyotarajiwa na karakana hazikuwa na nafasi wala vipuri vya kutosha. Boeing 787-8 ya kwanza ya ATCL, iliyowasili Julai 2018, inatumia injini za Rolls-Royce Trent 1000. Aina hiyo ya injini ilikuwa imekwisha kupata matatizo ya mapanga mwaka 2016, pale shirika la ANA la Japani lilipolazimika kufuta safari baada ya mapanga ya turbini kuliwa na kutu ya salfa na kupata nyufa. Mtengenezaji amelazimika kusanifu upya panga la safu ya moto zaidi na namna hewa ya kupoza inavyopita ndani yake, na maboresho hayo yalipata idhini mwaka 2025.

Ndege huongeza jambo moja ambalo Kinyerezi halina kwa kiwang hicho: vumbi. Injini inayopaa kutoka kiwanja kikavu na cha joto huvuta chembe za udongo. Zilizo ndogo hufuata hewa ya kupoza na kuziba vitundu kutoka ndani. Zinazopita kwenye moto wa nyuzijoto 1,200 na zaidi huyeyuka, hunata juu ya utando wa kauri kama vigae vya kioo, na kuubandua zinapopoa. Injini iliyopimwa katika nchi za baridi na anga safi hukutana hapa na hali nyingine, na saa za kudumu zilizoandikwa kwenye mkataba huwa za matumaini. Hapo ndipo mikataba ya matengenezo inapostahili kusomwa kwa makini zaidi ya bei ya ununuzi: nani hubeba gharama injini ikishushwa kabla ya wakati, na injini ya akiba itapatikana ndani ya siku ngapi.

Vivyo hivyo kwa umeme. Matangazo mengi husema tu kwamba kuna hitilafu ya kiufundi, na neno hilo halimwambii mwananchi chochote. Mashirika ya umma yana takwimu za kutosha kusema zaidi bila kufichua siri yoyote: turbini ipi imesimama, imefikisha saa ngapi, imewashwa mara ngapi tangu ilipofunguliwa mara ya mwisho, kilichoonekana ni nini, na inarudi lini. Anayejua kwamba panga la safu ya kwanza limefikia mwisho wa saa zake hatadhani kwamba amefichwa jambo.

Linabaki suala la kalenda. Mapanga ya turbini hayanunuliwi dukani. Viwanda vinavyoyatengeneza ni vichache duniani, foleni yake ni ya miezi mingi, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Oda isiyoingia kwenye bajeti moja husubiri nyingine. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na miezi hiyo maji ya Rufiji huweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo wa gridi. Ni kipindi hicho ambacho turbini za Kinyerezi na Ubungo zinaweza kufunguliwa moja baada ya nyingine bila mteja kuzimiwa taa, mradi mapanga yawe yamekwisha kufika ghalani kabla mvua hazijaanza.